Mjadala: "Mbona hukupiga kelele?" Swali hili libaki au lifutwe?

Mleta mada
Wadau, kuna siku nilimsindikiza binti mmoja aliyebakwa kituoni kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya kujazwa na daktari. Askari, mtu mzima na wala si mkali, akamuuliza: "Sasa mwanangu, chumba cha pili si kulikuwa na watu? Mbona hukupiga kelele?" Binti akawa anasokota pindo la kanga. "Sauti haikutoka." Askari akaandika, ila uso wake ulishatoa hukumu.

Mimi nasema lifutwe. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, tangu SOSPA (sheria ya makosa ya kujamiiana) ya 1998, kinasema ushahidi wa ukinzani, mfano majeraha mwilini, si lazima ili kuthibitisha kwamba mwanamke hakuridhia. Tangu 1998, jamani! Bado tunatafuta nguo iliyochanika.

Mchangiaji (wakili)
Mkuu, nimetetea kesi hizi. Ubakaji adhabu yake haishuki chini ya miaka 30. Hakusema hapana, hakusukuma: mshtakiwa angejuaje? Jamhuri ithibitishe pasipo kuacha shaka, nami nitadodosa hadi hiyo kelele.

Mchangiaji (muuguzi)
Wakili, umewahi kumlaza kuku chali ukamkandamiza kifua kidogo? Hutulia tuli kama mfu, na ukimwachia hakurupuki papo hapo. Binadamu naye huganda hivyo. Utafiti uliotoka Stockholm mwaka 2017 uliwahoji wanawake 298 waliofika kliniki ya dharura baada ya kubakwa. Asilimia 70 walisema mwili uliganda kwa kiwango kikubwa. Kwa hiyo huyo unayemtaka apige kelele ni miongoni mwa wachache.

Mleta mada
Na hapo ndipo Wakenya wametuzidi. Sheria yao ya makosa ya kujamiiana ya 2006, kifungu cha 42: mtu ameridhia pale anapokubali kwa hiari yake, akiwa na uhuru na uwezo wa kuamua. Kuganda si kukubali. Kwa maneno hayo, wakili, mteja wako naye ana la kujibu: nini kilimwonyesha kwamba amekubaliwa?

Mchangiaji (wakili)
Hiyo ya Kenya sina ugomvi nayo, mradi mzigo wa kuthibitisha usihamie kwa mteja wangu. Ila PF3 naijua: daktari ataandika michubuko, damu, mbegu za kiume. Huko kuganda ataandika wapi? Na hakimu wa wilaya atasikia habari zake kwa nani, kama si kwa binti yuleyule asiyeaminiwa?