Mama kaambiwa afanyiwe redio frikwensi ya mapigo kwa maumivu ya mkanda wa jeshi, kuna anayeijua vizuri?

kijana_wa_kilosa

Wakuu habari zenu, naomba msaada kwa anayelijua hili maana kila ninayemuuliza mtaani ananiongezea hofu tu. Mama yangu ana miaka 66, mwaka juzi aliugua mkanda wa jeshi, ulimtoka upande wa kushoto chini ya ziwa ukazunguka mpaka mgongoni. Malengelenge yalikauka, makovu yakabaki, ila maumivu hayajaondoka mpaka leo. Anasema panawaka moto muda wote halafu ghafla inakuja nyingine ya kuchomachoma inamkata hata maneno. Kinachoniuma zaidi ni nguo, yaani hata upindo wa khanga ukigusa pale anashtuka, kwahiyo akiwa nyumbani anatembea ameivuta gauni mbele kwa mkono isimguse, na usiku halali ubavu ule kabisa.

Dawa ametumia. Amitriptilini ilimkausha mdomo na kumlevya, akahamishiwa gabapentini, hiyo inapunguza lakini ikipandishwa dozi anayumba na juzi kati alidondoka bafuni, tukairudisha chini. Sasa daktari wa maumivu tuliyemuona Dar kasema kuna hii redio frikwensi ya mapigo, sindano inaingizwa karibu na uti wa mgongo halafu wanapitisha umeme. Jirani yetu kamwambia mama kwamba wanaunguza mshipa na atapooza, mama kakosa usingizi siku hizi kwa mawazo. Ana presha na sukari pia. Naomba kujua, ni kweli wanaunguza? Inasaidia? Na magoti yake nayo yamesagika, je wanaweza kufanya vyote siku moja akapumzika?

bwana_shamba

Pole sana kwa mama mkuu. Baba yangu alichomwa neva za goti na anatembea kwenda msikitini mwenyewe sahivi, kabla ya hapo alikuwa anaswalia kwenye kiti nyumbani. Hajapooza wala nini. Mpelekeni msiogope.

nesi_usingizi

Pole kwa mama na pole na wewe unayemuuguza. Niko chumba cha upasuaji upande wa usingizi na hizi kesi za maumivu tunazifanya, ngoja nieleze kwa urefu maana hapa watu wanachanganya vitu viwili.

Kuna redio frikwensi ya kuchoma na kuna ya mapigo. Mashine ni ileile, sindano karibu ileile, ni ndefu nyembamba imefunikwa plastiki isiyopitisha umeme isipokuwa milimita chache za ncha, umeme unatokea pale tu. Kwenye ya kuchoma umeme unatoka mfululizo, ncha inapanda mpaka kama nyuzi joto 80 na inakaa hapo dakika moja au moja na nusu, sehemu ile ya neva inaiva kweli na haipeleki tena taarifa ya maumivu mpaka itakapoota upya. Kwenye ya mapigo umeme unatoka milisekunde 20 halafu unakatika milisekunde 480, mara mbili kila sekunde, na kwa kuwa muda wa kukatika ni mrefu sana kuliko wa kutoka, joto linapata nafasi ya kusambaa na kuondoka. Mashine inasoma joto la ncha muda wote na inazuia lisipite nyuzi 42. Mtu mwenye malaria kali anafika 40 mwili mzima kwahiyo hapo hakuna kuunguza, mwambie mama hivyohivyo.

Sasa kama haichomi inafanyaje kazi? Ni ule msukumo wa umeme wenyewe kwenye ncha, sio joto. Kwenye wanyama waliochunguzwa kwa hadubini walionekana wana mabadiliko madogomadogo kwenye nyuzi nyembamba za neva, zile zinazobeba maumivu, zaidi kuliko kwenye nyuzi nene za kugusa na za kusogeza misuli, na pia seli za kwenye uti wa mgongo zinazopokea taarifa ya maumivu zinabadili utendaji. Njia hii ilianzia Uholanzi kwa daktari Sluijter na wenzake, maandishi yao ya kwanza yalitoka 1998, mpaka leo wataalamu bado wanabishana ni lipi hasa linalotuliza. Lakini la kupooza kwa sababu ya kuunguza mshipa, hapana, hofu hiyo inatoka kwenye kuchanganya hizi mbili.

Kwa mama yako kuna sababu nzuri kabisa ya daktari kuchagua ya mapigo. Mkanda wa jeshi ni kirusi kilekile cha tetekuwanga aliyougua utotoni, hakikutoka mwilini, kilijificha kwenye fundo la neva pembeni ya uti wa mgongo miaka yote hiyo, na kilipoamka kikaharibu fundo lile na neva inayotoka hapo kupita chini ya ubavu. Ndo maana ulimzunguka upande mmoja kama mshipi. Sindano inaenda jirani na fundo hilohilo. Ukilichoma kwa nyuzi 80 unaua neva ambayo tayari ni mgonjwa, na mtu anaweza kubaki na ganzi ya kudumu juu yake maumivu mapya mabaya kuliko ya mwanzo, kwahiyo pale ya mapigo ndo yenye akili.

Siku yenyewe hapigwi nusu kaputi. Analala kifudifudi kwenye meza ya eksirei, anapigwa ganzi ya ngozi, daktari anasogeza sindano huku anaangalia kwenye skrini. Akifika anapima kwa umeme mdogo wa aina mbili. Wa kwanza ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, chini ya nusu volti, hapo mama ataulizwa unasikia wapi na anatakiwa aseme hapohapo panaponiuma, ule mtekenyo uzunguke ubavu uleule. Wa pili ni wa mizunguko 2, huo ni kuangalia kama misuli inarukaruka, maana yake sindano imeegemea upande wa nyuzi za misuli na inabidi irekebishwe. Hii ndo sababu lazima awe macho na aongee, tena mwambieni asione aibu kusema, jibu lake ndo linaloongoza mkono wa daktari. Kisha mapigo yenyewe, kawaida sekunde 120, wengine wanarudia mzunguko zaidi ya mmoja. Anasikia kama kugongwagongwa kidogo. Baada ya hapo anaangaliwa saa kadhaa anarudi nyumbani.

Hatari iliyopo na msiifiche kwa mama ni ya kifua, pafu liko karibu sana na pale. Sindano ikipotea hewa inaweza kuingia kati ya pafu na ukuta wa kifua. Haitokei mara nyingi mikononi mwa mzoefu anayetumia eksirei au altrasaundi, lakini akianza kubanwa pumzi au kifua kuuma akivuta hewa, iwe siku ileile au kesho yake, hospitali moja kwa moja, msisubiri asubuhi. Zingine ni michubuko, kuvimba kidogo, maambukizi kwa nadra.

mama_Rahim

Mimi nilifanyiwa ya begani India, nilikwenda na mume wangu kwa shida yake mwenyewe nikaunganisha na yangu. Bega langu la kulia lilikuwa limeganda, kuchana nywele siwezi, kitu cha kabati la juu mpaka nimuite mtoto. Waliweka kwenye neva inayopita nyuma ya bega juu ya lile fupa la mgongoni. Nesi kaeleza vizuri sana, nami naongeza lile ambalo sikuambiwa kabla: usitegemee utainuka mezani umepona. Siku za mwanzo pale paliuma zaidi, nikalia nikajua hela imekwenda. Nafuu ilikuja polepole ndani ya wiki kama tatu hivi, nikaanza kushtukia nimegeuka usingizini bila kuamka. Na ile nafuu niliitumia kwenda mazoezi, yule wa fiziotherapi alikuwa ananinyoosha mkono mpaka nalowa jasho, lakini sasa nilikuwa naweza kuvumilia, kabla ya hapo hata kunigusa sikumruhusu. Mwaka mzima karibu nikakaa vizuri. Mama yako ni neva sio kiungo kwahiyo kwake itakuwa tofauti, ila lile la kusubiri bila kukata tamaa ni moja.

Msafiri254

Poleni sana. Mimi niko Nairobi na yangu haikusaidia, nasema hivi si kumtisha mtu, ni ili huyu mama asipitie nilichopitia. Nilikuwa na maumivu ya kiuno yanashuka kwa matako, nikaenda hospitali moja ya kibinafsi wakaangalia picha ya MRI, wakasema diski, ule mto wa kati ya pingili za mgongo, imebonyeza neva, siku ya pili yake niko mezani wananifanyia hiyo ya mapigo. Nikalipa pesa mob, uchungu ukabaki vilevile. Baadaye daktari mwingine akanidunga ganzi kwa kile kiungo kinachounganisha nyonga na mgongo, ile kitu iliisha kwa masaa kadhaa kabisa, nikalia kwa furaha pale kwa kitanda. Kumbe neva waliyokuwa wameifanyia kazi haikuwa ndiyo. Hakuna mtu alinipima kwanza. Kijana, uliza kama watamdunga ganzi ya majaribio kabla ya hiyo mashine, na kama wanasema hakuna haja waulize kwa nini.

nesi_usingizi

@Msafiri254 pole sana ndugu yangu, na umesema jambo ambalo ndilo kubwa kuliko yote hapa. MRI inaonyesha kilichoharibika, haionyeshi kinachouma. Watu wengi wa miaka 60 wana diski zilizobonyea na hawaumwi popote. Kipimo cha kweli ni ganzi kidogo ya lidokaini au bupivakaini kwenye neva inayoshukiwa, halafu mgonjwa anakaa anaandika saa kwa saa maumivu ni ngapi kwa kumi. Yakishuka nusu au zaidi kwa zile saa za ganzi ndo unaendelea. Yasiposhuka, umeokoa pesa ya watu na mwili wao. Kwa mama, makovu yenyewe yanaonyesha ni ubavu wa ngapi kwahiyo kazi ya kutafuta ni rahisi kidogo, lakini bado ningependa apimwe.

Na @bwana_shamba nafurahi sana kwa mzee, ila ule ushauri usihamishwe kutoka goti kwenda kwenye uti wa mgongo. Goti likisagika zipo neva ndogo tatu zinazozunguka kiungo ambazo kazi yake kubwa ni kuleta hisia za goti, ukizichoma hupotezi nguvu ya mguu. Kule Korea 2011 walijaribu kwa wazee 38, nusu wakachomwa kwa nyuzi 70 nusu wakafanyiwa igizo tu, yaani kila kitu kilekile ila bila kuchomwa, baada ya wiki 12 zaidi ya nusu ya waliochomwa maumivu yalikuwa yamepungua kwa nusu au zaidi, kundi lile lingine hakuna. Vilevile viungo vidogo vya pingili za mgongo, walipolinganisha, ya kuchoma ilidumu kuliko ya mapigo. Na yale maumivu ya uso ya neva ya tano ya kichwani pia, ya mapigo ilishindwa kabisa mbele ya ile ya kuchoma. Lakini neva za shingo zinazoshuka mkononi, hapo ya mapigo ilifanya vizuri kuliko igizo kwenye utafiti wa 2007, ingawa walikuwa watu 23 tu kwahiyo tusiushangilie kupita kiasi. Kila neva na dawa yake, mtu akikwambia mashine hii inatibu kila kitu mwilini mkimbie.

kijana_wa_kilosa

Aisee nashukuruni sana, nimemsomea mama yote taratibu jana usiku na lile la nyuzi 42 limemtuliza kuliko dawa. Ameuliza maswali yake mwenyewe safari hii. Anataka kujua kama ni moja kwa moja au itarudi, na presha na sukari anaziachaje. Na magoti?

nesi_usingizi

Mwambie shikamoo yangu. Inaweza kurudi, kwa wanaoitikia nafuu huwa ni ya miezi, kuna wa mitatu minne na kuna wa mwaka, na ikirudi inaweza kufanywa tena kwa sababu neva haikukatwa. Wapo pia ambao haiwagusi, ni vizuri alijue hilo akiwa bado nyumbani. Na hata akiitikia asitegemee sifuri, mimi ningeshukuru kama ataweza kuvaa gauni bila kulishika na gabapentini ikabaki kwenye dozi isiyomyumbisha, kuanguka bafuni kwa umri ule ni hatari kubwa kushinda hii sindano.

Dawa za presha aendelee nazo mpaka asubuhi ile isipokuwa daktari aseme vingine. Kwenye presha ndo wengi wanapewa na aspirini au dawa nyingine ya kulainisha damu, hiyo lazima itajwe kwa jina, abebe maboksi yote kwenye mfuko, na asiiache mwenyewe bila kuambiwa kwa sababu ya moyo. Sukari ipimwe asubuhi hiyo. Uliza kama watachanganya na sindano ya stiroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, wengine wanaongeza, na stiroidi inapandisha sukari siku kadhaa, mkijua mapema mnajipanga. Kama ana kifaa cha moyo kifuani wajue kabla. Kama ana homa au jipu popote, wanaahirisha.

Magoti msichanganye siku moja. Akipata nafuu au asipopata hamtajua ni kipi kilifanya nini, na magoti yanataka mazoezi ya paja na kupunguza uzito kwanza kabla ya sindano yoyote. Na siku hiyo msirudi Kilosa, laleni Dar usiku huo, safari ya basi zile saa nyingi na pafu liko karibu hivyo mimi nisingeiruhusu kwa mama yangu.

kijana_wa_kilosa

Sawa kabisa, shangazi yuko Mbagala tutalala kwake. Tuna miadi wiki ijayo, naanza na swali la ganzi ya majaribio.