Barry Sanders au Emmitt Smith: dogo nimwekee mkanda wa nani?

MzeeWaGarland (mleta mada)

Wakuu, habari za humu ndani. Niko Garland, pembeni mwa Dallas, mwaka wa kumi na moja huu. Kijana wangu wa miaka 12 kachaguliwa timu ya darasa la saba shuleni kwao, futiboli ya Kimarekani, na kocha kamweka nafasi ya mkimbiaji, yule anayekabidhiwa mpira mkononi halafu atafute upenyo katikati ya majitu. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimekulia mpira wa miguu. Huu wa yai nimejifunzia ukubwani, na nimejifunza kwa shida tu: hapa Texas Ijumaa usiku mtaa mzima uko uwanjani, usipoujua unabaki kuongea na jokofu.

Sasa kazini kwetu ghalani kuna wazee wawili, mmoja wa Detroit, mmoja wa hapahapa Dallas. Niliwauliza swali la kawaida wakati wa kula: mtoto anayeanza kukimbia na mpira amwangalie nani kati ya wakongwe? Wa Detroit akasema Barry Sanders. Wa Dallas akasema Emmitt Smith. Chakula kikapoa. Mpaka leo hawapeani chumvi.

Kwa wasiowajua: wote wafupi, Barry futi 5 na inchi 8, Emmitt kamzidi inchi moja. Barry kazaliwa Wichita, Kansas, 1968. Emmitt Pensacola, Florida, 1969. Barry aliingia Detroit Lions 1989 akiwa chaguo la tatu siku timu zinapochagua vijana wa vyuo kwa zamu, Emmitt Dallas Cowboys mwaka uliofuata, chaguo la 17. Barry alicheza misimu 10, akakimbia na mpira yadi 15,269, akatundika daluga ghafla. Emmitt misimu 15, yadi 18,355, rekodi ambayo haijavunjwa, na mataji matatu ya Super Bowl, fainali ya ubingwa wa ligi.

Siulizi nani bora, hilo wameshindwa wenyewe. Nauliza mtoto amfuate nani. Nawasilisha.

Chenga_za_Magomeni

Mkuu, wewe mtu wa Tanga kabisa unauliza hilo? Unajua raha ya winga anayemkalisha beki chini bila kumgusa. Huyo ndiye Barry. Watu wanne wamemzunguka, unasema kaisha, sekunde moja baadaye anatokea upande ambao hakuna aliyekuwa anautazama, na wale wanne wamekumbatiana wenyewe kwa wenyewe. Wastani wake wa maisha yadi 5 kila akibeba mpira. Emmitt 4.2. Na Barry miaka ya mwanzo Detroit walikuwa wanajaza wadakaji wanne uwanjani, mara nyingi hakuna hata mtu mmoja wa kumtangulia na kumfungulia njia. Anajifungulia.

Tafuta mechi ya Jumatatu usiku, Septemba 19, 1994, hapohapo kwenu Dallas. Emmitt yumo, mabingwa watetezi wamo. Barry akabeba mara 40, yadi 194, Detroit wakashinda 20-17 muda wa nyongeza.

Na adabu, jamani. Akifunga tachidauni, yaani akifikisha mpira mwisho wa upande wa wapinzani, hachezi, hapigi magoti, hatupi mpira. Anatembea, anamkabidhi refa mpira, anarudi benchi kama mtu aliyerudisha chenji. Msimu wake wa kwanza, mechi ya mwisho, alikuwa anahitaji yadi 10 tu amfikie aliyekuwa anaongoza ligi nzima kwa kukimbia. Timu inashinda. Kocha akamuuliza kama anataka kurudi uwanjani azitafute. Akakataa, akawaachia wenzake wacheze.

Kocha_Mstaafu_Nakuru

Niruhusu nipinge. Nimecheza raga, nimefundisha vijana, na nimejionea ugonjwa huu: mtoto anatazama fundi wa chenga kwenye simu, Jumamosi anakuja mazoezini anakimbia kwenda kulia, kushoto, nyuma, halafu anaangushwa yadi sita nyuma ya alipoanzia. Mambo ya Barry hayafundishiki. Ile miguu alizaliwa nayo. Na hata yeye yalimgomea: mtoano wa Desemba 31, 1994, dhidi ya Green Bay, alibeba mara 13 akapata yadi hasi 1, yaani alirudishwa nyuma. Hasi! Walimziba kila kona, Detroit wakalala 16-12.

Emmitt anafundishika. Tazama anavyosubiri. Anapokea mpira, anapunguza hatua, mkono kama uko mgongoni mwa yule jezi 48 aliye mbele yake, Daryl Johnston, na Johnston akishamgonga mtu Emmitt anakatiza hapohapo kwenye mwanya. Sio mbio, ni saa. Tena asipobeba mpira anasimama kumkinga mpiga pasi wake na anagonga watu wakubwa kuliko yeye. Kazi hiyo haiingii kwenye mkanda wa mambo matamu, lakini kocha wa shule anaitazama kwanza.

Najua mtakachosema, kwamba nyuma ya ile safu ya Dallas, yale majitu ya mbele yanayofungua njia, hata nyanya yangu angefika. Mwaka 1993 Emmitt alikuwa anagombana na mwenye timu juu ya mkataba, akakosa mechi mbili za kwanza. Safu ilikuwa ileile. Dallas walipoteza zote mbili. Akasaini, akarudi, akawa mchezaji bora wa ligi, na mwisho wa msimu wakabeba Super Bowl naye akawa mchezaji bora wa fainali.

Jirani_wa_Goma

Samahani wakubwa, nafwata mazungumzo ila mimi ni mtu wa mita. Hiyo yadi ni ngapi?

Chenga_za_Magomeni

Sentimita 91 na kitu, jirani. Kwa hiyo Barry kakimbia kilomita 14 hivi, Emmitt karibu 17. Ukisikia hivyo unaona kidogo, kama Posta kwenda Kimara. Ila kila hatua mbili kuna mtu wa kilo 130 anataka kukulaza.

MamaWawili_Minneapolis

Mzee wa Garland shikamoo. Mimi naingia kama mama, maana naona mnaongea utadhani mtoto ni pikipiki.

Kabla ya chenga na saa, jueni Barry aliyaona mambo gani. Novemba 1991 mwenzake wa Lions, Mike Utley, aliumia shingo uwanjani kwao. Wakati anatolewa kwenye machela aliwanyanyulia watu kidole gumba, lakini hakutembea tena kama zamani. Halafu Desemba 21, 1997, siku ileile Barry alipovuka yadi 2,000 kwa msimu mmoja, kitu ambacho kabla yake walifikia wawili tu, mwenzake mwingine, Reggie Brown, alilala kwenye nyasi bandia bila pumzi. Wakampulizia hewa mdomoni uwanja mzima kimya. Alipona na anatembea, ila mpira uliishia pale. Barry akamaliza msimu na yadi 2,053. Yaani siku ya sherehe yake kubwa kuliko zote ndiyo siku hiyo.

Akacheza mwaka mmoja zaidi, akaondoka akiwa na miaka 31, magoti yake mazima, zimebaki yadi 1,457 tu aifikie rekodi ya Walter Payton, aliyekuwa anaongoza kwa yadi za kukimbia katika historia ya ligi. Sisemi aliondoka kwa sababu ya ajali. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba kilichomchosha ni timu kushindwa-shindwa. Lakini mimi mtoto wangu ningemwonesha huyo: mtu aliyejua mlango uko wapi.

MzeeWaGarland

Marahaba mama, na ahsante. Hapo pa kuondoka ndipo mzee wetu wa Detroit anapokasirika mpaka leo. Ni kweli aliaga kwa faksi?

Chenga_za_Magomeni

Kweli tupu. Julai 1999, mazoezi ya msimu yanataka kuanza, barua ikaingia kwa faksi kwenye gazeti la nyumbani kwao Wichita. Hakuita waandishi, hakulia mbele ya kamera. Timu ikabaki inakuna kichwa.

Ila mama, mlango wenyewe haukuwa wa bure. Mwaka 1997 alikuwa amelipwa dola milioni 11 za kusaini mkataba wa miaka sita, kacheza miwili. Lions wakadai sehemu ya hela, ikaenda kwa msuluhishi, na Barry akaamriwa arudishe fungu la miaka asiyocheza. Mzee wa Detroit ana haki ya kununa kidogo. Timu yake tangu 1957 haijachukua ubingwa, na katika miaka yote 10 ya Barry walishinda mechi moja tu ya mtoano. Unajua walimfunga nani? Dallas ya Emmitt, Januari 1992, 38-6. Kamwambie huyo jamaa wa Dallas halafu uhame meza.

Kocha_Mstaafu_Nakuru

Hiyo 38-6 Emmitt alikuwa msimu wa pili, mtoto bado. Baada ya hapo mataji matatu katika misimu minne. Detroit wakaendelea kuhesabu yadi.

Na mkitaka moyo wa mtu, tafuteni Januari 2, 1994, Dallas na Giants wa New York. Atakayeshinda anachukua kundi na kupumzika wiki nzima kabla ya mtoano. Kabla ya mapumziko Emmitt akaanguka, bega la kulia likaachana. Alirudi. Akabeba jumla ya mara 32 kwa yadi 168, akadaka pasi 10, Dallas wakashinda 16-13 muda wa nyongeza. Kila akiangushwa unamwona anainuka kwa mkono mmoja, ule mwingine ameubana kifuani kama mtu aliyebeba kuku.

MamaWawili_Minneapolis

Kocha, hicho hasa ndicho mtoto wa miaka 12 asichopaswa kuoneshwa. Atakuja kuumia Alhamisi, amwambie mwalimu bega haliumi kwa sababu Emmitt alicheza. Na ule mwisho wake mbona humalizii? Mwaka 2003, jezi ya Arizona, amerudi Dallas kwa mara ya kwanza kama mgeni. Alibeba mara 6, hasi 1, akavunjika mfupa wa bega. Hasi 1 kama ya Barry uliyokuwa unaicheka hapo juu.

Kocha_Mstaafu_Nakuru

Hapo umenipata, dada. Bega la 1994 nimeliondoa mezani, na siongei kwa kejeli.

Ila mwisho wake haukuwa Dallas. Mwaka uliofuata, na miaka 35 mgongoni, alikimbia yadi 937 na tachidauni 9. Ndipo akaaga, 2005. Na rekodi yenyewe aliivunja 2002 kwenye mechi waliyopoteza kwa Seattle, kwa mbio ya yadi 11 ambayo nusu yake alikuwa anajikwaa, mkono umegusa chini, hajaanguka. Hakuna chenga. Ndiye Emmitt huyo.

Mvuja_Jasho_wa_Kampala

Mmesahau mtu. Zile yadi 10 alizozikataa Barry mwaka 1989, aliyekuwa mbele yake ni nani? Christian Okoye wa Kansas City, Mnaijeria, yadi 1,480. Alikwenda Marekani chuoni kurusha kisahani, futiboli alianza huko ukubwani. Kilo zaidi ya 115 anakuja kwako kama lori la matofali limekatika breki. Alicheza misimu sita tu, mwili ukakataa. Kwa hiyo mzee, kama dogo ana mwili mkubwa, hao wafupi wako waache.

MzeeWaGarland

Dogo ana kilo 41 akiwa na viatu, ndugu yangu. Okoye tumsubirishe.

Nimrudie mleta uzi, ambaye ni mimi. Jana baada ya chakula niliweka mikanda yote miwili kwenye televisheni. Kwanza Barry. Dakika tano hatukuongea. Mdogo wake wa miaka sita akaanza kujizungusha sebuleni, akagonga meza, chai ya mama yao ikamwagikia zulia, nikaagizwa nizime. Sikuzima, nikapunguza sauti. Nikaweka ile ya Julai 1999, waandishi wanaeleza faksi, dogo akauliza faksi ni kitu gani. Nikaeleza, akanitazama kama ninayemsimulia habari za mtumbwi.

Halafu Emmitt. Nikajiandaa kufundisha kama Kocha alivyosema: ona anavyosubiri, ona hatua. Mtoto hanisikilizi. Akachukua rimoti, akarudisha nyuma, akarudisha tena. Mara ya tatu akasimamisha picha na kwenda kuweka kidole kwenye kioo, kwenye jezi 48 ambayo imeshamzamishia mtu bega na haitazami mpira ulipo.

"Baba, huyu anaitwa nani?"

Kwa hiyo wakuu, mwenye mkanda wa Daryl Johnston peke yake aniwekee hapa. Mechi ya kwanza ni Alhamisi ijayo, na nimeshaambiwa nimwombe kocha wake ambadilishie nafasi.