Nani akabidhiwe kalamu ya kuchora mipaka ya uchaguzi?

Mdadisi wa Katiba:
Ndugu zangu, naomba mnisaidie kulielewa jambo moja la Marekani. Ibara ya 1 ya Katiba yao huliachia bunge la kila jimbo kupanga wakati, mahali na namna ya kuwachagua wabunge wa taifa, kisha huipa Kongresi, yaani bunge la taifa, uwezo wa kuzibadili kanuni hizo. Kwa hiyo, katika majimbo mengi, baada ya sensa ya kila miaka 10, wanasiasa wenyewe ndio huchora mipaka ya maeneo yatakayowachagua wao na wenzao. (Nitasema "jimbo" kwa Texas na mfano wake, na "eneo" kwa sehemu inayomchagua mbunge mmoja, tusije tukachanganyikiwa.) Wanaoutetea utaratibu huu husema kwamba wabunge walau wamechaguliwa, ilhali wajumbe wa tume huru, zinazochora mipaka badala ya wabunge katika baadhi ya majimbo, hawakupigiwa kura na mtu yeyote. Hoja hiyo inanitatiza, maana siioni kasoro yake upesi. Je, madaraka haya yanamstahili nani: bunge la jimbo, Kongresi, mahakama au tume?

Karani Mstaafu:
Kasoro yake ni kwamba mbunge huwajibika kwa wapiga kura pale tu wanapoweza kumwondoa, na ramani ndiyo inayoamua kama wataweza. Chukua wapiga kura 50 waliogawanywa katika maeneo matano ya watu kumi kumi, 30 wakiwa wa chama cha kwanza na 20 wa chama cha pili. Ukiwarundika wafuasi tisa wa chama cha kwanza katika eneo moja, tisa wengine katika eneo la pili, kisha ukawatawanya 12 waliobaki wanne wanne katika maeneo matatu, chama cha pili kitatwaa viti vitatu kati ya vitano ingawa ndicho chenye watu wachache. Hakuna kura iliyoibwa wala sanduku lililovunjwa, na mtazamaji wa uchaguzi atatoa ripoti safi kabisa. Hila hii ni kongwe: mwaka 1812 Elbridge Gerry, gavana wa Massachusetts, alitia saini ramani iliyokuwa na eneo lililopindapinda kiasi kwamba gazeti lililichora kama dubwana lenye mabawa na makucha. Siku hizi kompyuta huifanya kazi hiyo kwa usahihi ambao Gerry hangeuota.

Wakili wa Pembeni:
Nakubaliana na Karani, lakini kwa upande wa mahakama naomba msijipe matumaini makubwa. Mwaka 2019, katika shauri la Rucho dhidi ya Common Cause, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba mahakama za shirikisho, yaani za serikali ya taifa, haziwezi kusikiliza malalamiko ya upendeleo wa kichama katika mipaka. Mahakama za majimbo bado zina nafasi, na shauri la Moore dhidi ya Harper la mwaka 2023 lilithibitisha kwamba bunge la jimbo halijawekwa juu ya katiba ya jimbo lake. Tatizo ni kwamba majaji wengi wa majimbo nao huchaguliwa. Mahakama ya juu ya North Carolina ilizitupa ramani mwaka 2022, kisha, uchaguzi ulipobadilisha wingi wa majaji wake, mwaka 2023 ikaugeuza uamuzi wake yenyewe.

Mpima Ramani:
Mimi naona swali la "nani" limepewa uzito kuliko swali la "kwa kanuni zipi". Katika Iowa huchora watumishi wa bunge lenyewe, si tume, lakini sheria inawakataza kutumia matokeo ya chaguzi zilizopita, idadi ya wanachama wa vyama au makazi ya wabunge walio madarakani. Kisha bunge huletewa ramani ili liikubali au liikatae. Mchoraji asiyeruhusiwa kujua nani atafaidika hana sababu ya kupindisha mstari. California nayo ina tume ya raia 14, yaani watano wa kila chama kikubwa na wanne wasio wa vyama hivyo.

Mdadisi wa Katiba:
Nawashukuru nyote. Lakini si wapiga kura wa California haohao walioidhinisha, Novemba 2025, ramani ya tume yao iwekwe kando kwa muda, baada ya Texas kuchora upya mipaka yake bila kungoja sensa?

Wakili wa Pembeni:
Ndio hao, na sioni kama walikosa mantiki, kwa sababu jimbo linalojifunga peke yake huwaachia viti wale wasiojifunga. Ndiyo maana ningependa kanuni hizi zitungwe na Kongresi kwa majimbo yote kwa pamoja. Uwezo huo inao: sheria yake ya mwaka 1967 ndiyo inayotaka kila eneo limchague mbunge mmoja tu. Mwaka 2021 Baraza la Wawakilishi, moja ya mabaraza mawili ya Kongresi, lilipitisha muswada wa kuyataka majimbo yote yawe na tume huru, ukakwama katika baraza la pili, Seneti.