Naomba ushauri: nasomaje historia ya sanaa ya tamaduni nyingi bila kuchanganya karne?

Mwanagenzi
Habarini wakuu. Mtihani una maswali ya kulinganisha: kazi mbili, tamaduni mbili, dakika 45. Orodha ina Iraki, China, Uturuki, Uholanzi na pwani yetu. Miaka naikariri, siku mbili baadaye yote imevurugika. Nianzie wapi?

Kigae_cha_Kale
Usisome nchi moja ukamaliza, ndipo uingie nyingine. Chagua kitu kimoja kilichosafiri, ukifuate. Kwa orodha hiyo, kitu chenyewe ni chombo cheupe chenye nakshi za buluu.

Anza na Basra, Iraki, karne ya 9. Wafinyanzi wa huko walizijua kaure (vyombo vyeupe vigumu, porcelain) za China, ila udongo wa namna ile hawakuwa nao. Wakaufunika udongo wao wa manjano kwa utando wa kioo uliotiwa bati ukawa mweupe, wakachora juu yake kwa kobalti, madini yanayotoa rangi ya buluu. Kisha nenda Jingdezhen, China, karne ya 14. Hapo udongo wenyewe upo, moto unafika kama nyuzijoto 1300, na kobalti inaletwa kutoka Uajemi. Tarehe ya kushikilia ni 1351: imeandikwa kwenye mitungi miwili ya hekaluni ambayo leo iko British Museum, London. Halafu Iznik, Uturuki, karne ya 16. Mwisho Delft, Uholanzi, karne ya 17: shehena ya kaure ya meli ya Kireno Santa Catarina, iliyotekwa 1603, ilinadiwa Amsterdam mwaka uliofuata, na utawala wa Ming wa China ulipoanguka 1644, kaure zikaadimika, Delft ikaziba pengo.

Vituo vinne hivyo vishike barabara. Na tafadhali usiandike "Waislamu waliiga Wachina" ukaishia hapo. Weupe ulitoka China, buluu ilitoka upande wa pili, na Jingdezhen ilichora kwa ajili ya wanunuzi wa Mashariki ya Kati pia: yale masahani makubwa ya karne ya 14 ni ya kulia watu wengi pamoja. Swali la kulinganisha linajibiwa kwa kuonyesha nani alihitaji nini kwa mwenzake.

Bi_Zidaka
Naafiki, ila maua yasikuteke mapema. Tazama kwanza palipovunjika. Kigae cha kaure ni cheupe hadi ndani, kimeshikana kama kioo. Cha Iznik ni cheupe pia lakini chengachenga kama sukari, maana kimeundwa kwa mawe ya kwazi yaliyosagwa, unga wa kioo na udongo kidogo. Cha Delft kina ngozi nyeupe juu, ndani udongo wa manjano. Ndiyo maana midomo ya vyombo vyake hubanduka vipande vidogo. Ukiyajua haya matatu, hata picha mbovu ya mtihani haikusumbui sana.

Kwenye tovuti za makumbusho tafuta picha ya kitako. Kaure nyingi za China zina alama ya mfalme, herufi sita, zinasomwa juu kwenda chini kuanzia safu ya kulia. Wengi hunaswa hapo: vyombo vya enzi ya Kangxi (1662–1722) mara nyingi vina alama ya Chenghua (1465–1487), kwa kuwaenzi wa kale. Alama peke yake si ushahidi wa tarehe.

Kadi zako ziwe na picha tupu mbele. Nyuma: mahali, karne, malighafi, nani aliagiza, kilitumikaje. Sita kwa wiki zinatosha. Na uchore kwa kumbukumbu, hata kama mkono ni mzito; usichoweza kuchora hukukiona.

Mwanagenzi
Shukrani sana. Na bakuli zilizopachikwa kwenye makaburi ya kale ya Kunduchi, Dar es Salaam, naweza kuzitumia kutaja mwaka wa kaburi?

Kigae_cha_Kale
Kwa upande mmoja tu. Bakuli linakuambia kaburi halijajengwa kabla ya bakuli kutengenezwa. Chombo kingeweza kukaa kwenye kidaka cha nyumba vizazi kadhaa ndipo kipachikwe. Hata palipong'olewa, tundu la mviringo kwenye chokaa linakupa kipenyo cha bakuli.

Kwa insha, pwani ndiyo sehemu tamu zaidi. Basra na Delft walitengeneza vyombo vyao vya kushindana na kaure. Waswahili waliichukua kaure yenyewe wakaibadilishia kazi. Bakuli la kulia likawa pambo la kaburi, likatazama wapita njia.

Bi_Zidaka
Dakika 45 zigawe hivi: 5 za kutazama na kuandika pembeni, 35 za insha, 5 za kusahihisha. Kila aya ibebe hoja moja inayogusa kazi zote mbili. Ukieleza ya kwanza yote kisha ya pili yote, hujalinganisha, na alama zinapotea hapo.

Ukikutana na mwaka wa Hijria, zidisha kwa 0.97, ongeza 622. Mwaka 1020 unakupa 1611. Usijumlishe 622 moja kwa moja, utakosea zaidi ya miaka 30.