Nimekiri Neno kila alfajiri, mwanangu ameugua tena, naambiwa kosa ni langu. Naombeni ushauri

Mama wa Mji Kasoro Bahari

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wakubwa zangu shikamooni. Naandika kutoka Morogoro, ni saa sita usiku na mtoto ndiyo kwanza amelala.

Mwanangu wa kiume ana miaka 6 na ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Tuligundua akiwa na mwaka mmoja na miezi, vidole vya mikono na miguu vilipovimba na akawa analia usiku kucha. Mimi na baba yake wote tumebeba vinasaba bila kujua. Anahudhuria kliniki, anatumia foliki asidi na haidroksiurea kila siku.

Mwaka juzi jirani alinikaribisha kwenye kikundi cha maombi cha nyumbani. Niseme ukweli, pale nilipata kitu ambacho sikuwa nacho. Nimekulia kanisani, Zaburi ya 23 naijua tangu Jumapili za watoto, lakini niliijua kama shairi la shule. Kwenye kikundi nikajifunza kulitamka Neno kwa sauti nikiwa nafua, nikiwa kwenye daladala, nikiwa nimekaa kwenye benchi la hospitali nasubiri majibu ya damu. Kuna usiku mwanangu aliumwa hadi nikakosa maneno yangu mwenyewe, nikabaki na "Bwana ndiye mchungaji wangu" peke yake, nikairudia mpaka kukapambazuka. Hilo sitalisahau.

Baadaye yakaja masharti. Kukiri, yaani kulitamka hilo Neno, ni saa 11 alfajiri, mistari ile ile kwa mpangilio ule ule, unaweka tiki kwenye daftari na Jumatano daftari linakaguliwa. Mwanamke asisuke, asivae hereni. Na kubwa kuliko yote, nisitamke kwamba mtoto ni mgonjwa. Niseme "amepona kwa kupigwa kwake Yesu." Kiongozi alisema kadi ya kliniki ni mkataba ninaoutia sahihi na ugonjwa.

Wiki mbili zilizopita niliugua malaria, nikashindwa kuamka siku tatu. Wiki hiyo hiyo mvua zikanyesha, mtoto akalowa akitoka shule, usiku maumivu ya mifupa yakamshika. Tumelazwa siku nne, ameongezewa damu. Kiongozi alikuja wodini akaniuliza mbele ya wagonjwa wengine, "Hukukiri siku ngapi?" Nikajibu tatu. Akasema hapo ndipo mlango ulipofunguka.

Tangu hapo sina amani. Nakiri kwa woga, kama mtu anayehesabu marejesho ya mkopo. Na juzi, hili ndilo lililonifanya niandike, mtoto aliniambia "mama, mguu unauma," nami kabla sijamshika nikamwambia "usiseme hivyo." Akanyamaza. Alinyamaza kabisa, akageukia ukutani.

Je, ni kweli nimemfungulia ugonjwa mwanangu? Na nifanyeje Neno libaki kinywani mwangu bila hofu hii? Baba yake ni Mlutheri, mtu wa maneno machache, yeye ananiambia tu "tupumzike kwanza."

Nesi wa Zamu ya Usiku

Pole sana mama. Mimi nipo wodi ya watoto mwaka wa tisa, wenye selimundu nawaona kila wiki.

La kwanza, dawa isikatwe hata siku moja. Si kuamini kwako wala kuacha kuamini kunakomfanya mtoto aumwe; chembe zake nyekundu za damu zinabadilika umbo kuwa kama mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo, na ndiyo maumivu. Baridi, kukosa maji ya kutosha na homa vinachochea. Umesema mwenyewe alilowa mvua. Na malaria ikishaingia nyumbani, na yeye apimwe mara homa ikianza, maana kwake ni hatari kuliko kwako.

La pili ndilo limenitoa machozi. Mama, usimfundishe mtoto kuficha maumivu. "Mguu unauma" ndiyo taarifa ya kwanza tunayoitegemea. Nimepokea watoto waliochelewa, bandama imevimba, viganja vimekuwa vyeupe kama karatasi, mama anasema hakulalamika. Akisema kinauma mpe maji, mfunike, mpe dawa ya maumivu mliyoelekezwa. Akiwa na homa, akipumua kwa shida au tumbo likijaa upande wa kushoto, njooni hospitali saa hiyo hiyo, msisubiri kuche.

Mimi pia nimeokoka. Naomba nikiwa natafuta mshipa wa mtoto. Sijawahi kuona Mungu akichukia sindano.

Askari wa Msalaba

Dada yangu, nakupa pole, lakini naomba usikimbilie kuwasikiliza wanaodharau kukiri. Mithali 18:21, mauti na uzima huwa katika uwezo wa ulimi. Mimi nilikuwa mlevi, familia ilinikimbia. Watu walioniwekea masharti magumu ndio walioniokoa: usipite njia ile, usikae na wale, amka saa 10 usome. Bila hayo ningekuwa kaburini. Kiongozi wako amekosea kukuuliza mbele za watu, hapo sikatai. Ila nidhamu si utumwa, na Neno usiliache.

Mama wa Mji Kasoro Bahari

Kaka, asante. Sitaki kuliacha Neno, ndiyo maana nimekuja kuuliza. Nesi, nimesoma ulichoandika mara tatu. Nimeenda kumwamsha nikamuuliza mguu ukoje. Amesema "kidogo tu." Nimemwambia aniambie kila unapouma.

Mvuvi wa Bagamoyo

Nilikuwa mwalimu wa dini, nimestaafu. Binti yangu, ngoja nikueleze mstari mmoja, Wagalatia 5:1, kwenye Biblia yetu ya Union ya mwaka 1952. "Katika ungwana huo Kristo alituandika huru, kwa hiyo simameni, wala msinaswe tena chini ya kongwa la utumwa."

Vijana wanausoma haraka. Sisi wa huku Pwani tunayajua maneno haya yalikotoka. Kongwa ni lile gogo lenye panda walilofungwa shingoni mateka walioletwa kutoka bara kwa miguu, wakaishia hapa Bagamoyo kuvushwa kwenda Unguja. Mwungwana ni mtu aliyezaliwa huru, asiye wa mtu. Na kumwandika mtu huru ni kumpa hati, ili akikamatwa njiani aionyeshe. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Waliolitafsiri Neno hili walikuwa na wasomaji ambao babu zao walilijua kongwa kwa shingo.

Sasa angalia Paulo anamwambia nani. Hawaambii wapagani. Anawaambia watu waliokwisha kumpokea Kristo, kisha wakaja walimu wakasema haitoshi, ongezeni tohara, ongezeni siku na miezi. Hakuna aliyewaambia wamwache Yesu! Waliambiwa waongeze tu. Na Paulo anawauliza kwenye sura ya tatu, "Baada ya kuanza katika Roho, mnataka sasa kukamilishwa katika mwili?"

Wewe ulianza katika Roho. Ule usiku uliobaki na mstari mmoja mpaka kukapambazuka, hakuna aliyekuwa na daftari. Hati yako imeandikwa na Kristo. Mtu akija wodini kukukagua siku ulizoamka, anakudai hati nyingine.

Ndugu yangu Askari wa Msalaba, nakuheshimu. Kwako yale masharti yalikuwa gongo la kutembelea wakati mguu umevunjika, nami namshukuru Mungu kwa ajili yako. Lakini hujasema Mungu alikupenda kwa sababu uliamka saa 10. Huyu dada anaambiwa mwanawe ameugua kwa sababu hakuamka. Hayo ni mambo mawili.

Kalamu na Kinubi

Naongezea juu ya kukiri, maana nami nililelewa humo.

Tumefundishwa kwamba kulitamka Neno ni kutamka ushindi tu. Lakini angalia Yesu mwenyewe alivyolitamka. Jangwani alijibu "Imeandikwa" mara tatu, sawa, tunapenda kuhubiri hapo. Tunasahau kwamba Ibilisi naye alinukuu, Zaburi ya 91, akimtaka Yesu ajitupe ili Mungu alazimike kumdaka. Maandiko yale yale yanaweza kutamkwa kwa kumtegemea Baba au kwa kumjaribu.

Halafu twende msalabani. Kinywani mwa Yesu kuna Zaburi ya 22: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Hilo pia ni kukiri Neno. Kama kuna kanuni kwamba ukitamka uchungu unafungua mlango, basi Bwana aliivunja. Na Zaburi ya 88 inaishia gizani bila hata mstari mmoja wa ushindi, ila imo kwenye Biblia, na ni sala.

Kuhusu lile swali la kosa ni la nani, wanafunzi waliliuliza kwenye Yohana 9: "Ni yupi aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake, hata azaliwe kipofu?" Yesu akajibu hakutenda dhambi huyu wala wazazi wake. Mwanao amezaliwa na selimundu. Wazazi wote wawili wakibeba kinasaba, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25. Iliandikwa kwenye damu yake kabla hujaijua hiyo saa 11 ya alfajiri.

Na ukitaka mzazi mwenzako kwenye Maandiko, soma Marko 9. Baba amemleta kijana wake anayeangushwa chini tangu utoto. Anaeleza yote, jinsi anavyoanguka motoni na majini, hafichi. Yesu ndiye aliyemuuliza "tangu lini?" kama daktari anavyouliza. Kisha yule baba akapaza sauti, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Kwa mizani ya kikundi chenu huo ni ukiri mbovu, nusu imani nusu shaka. Yesu hakumrudisha akajipange. Alimponya mtoto.

Mjukuu wa Wokovu

Kagera hapa. Kwa ufupi tu. Bibi yangu aliokoka kwenye Uamsho, ule uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukavuka Uganda na kufika kwetu Bukoba. Alitusimulia watu walivyorudisha mali walizoiba, waume wakaomba radhi wake zao hadharani, wote wakiimba kwa Kiganda "Tukutendereza Yesu," yaani tunakusifu Yesu. Hakuna aliyewalazimisha. Neema ndiyo iliyowafundisha, kama Tito 2:11-12 inavyosema, neema "yatufundisha kukataa ubaya."

Lakini bibi alisema pia moto ulipopoa, baadhi ya ndugu walianza kupimana: nani ana deni, nani amevaa nini, nani bado "anatembea nuruni." Uganda walifika mahali pa kugawanyika, na suala la kukopa pesa lilikuwa mojawapo ya yaliyobishaniwa. Watu wale wale, wimbo ule ule. Bibi alikuwa akiona kikao kimegeuka kuwa cha ukaguzi anaaga kwa heshima, anarudi shambani kwake, na kule shambani ungemsikia anasema Zaburi kwa sauti huku anapalilia migomba.

Dada, unaweza kuondoka kwenye kikundi bila kuondoka kwenye Neno. Usigombane. Ila mwambie jirani yako aliyekukaribisha, maana huenda na yeye analiogopa daftari.

Askari wa Msalaba

Mzee wa Bagamoyo, nimekusikia. Lile la gongo la kutembelea nimelala nalo. Dada, nisamehe kama nilikuongezea mzigo. Namwombea kijana.

Mama wa Mji Kasoro Bahari

Wapendwa, nimerudi baada ya siku tano. Hamjui mlichonifanyia.

Alhamisi tulienda kliniki, na mara ya kwanza baba yake alikuja. Nilimweleza daktari kila kitu, hata siku ambazo mtoto aliuma meno akanyamaza. Alimpima bandama, haijavimba. Ametuongezea muda wa kurudi kupima damu na akasisitiza chupa ya maji iende naye shule.

Tulipofika nyumbani baba yake akaniambia jambo ambalo hajawahi kulisema miaka yote ya ndoa. Kwamba kila usiku nikishalala huwa anamwekea mtoto mkono kichwani na kusema Zaburi ya 103, "Kama vile baba awahurumiavyo watoto wake." Ndiyo anayoijua kwa moyo, alifundishwa kwenye kipaimara. Nami nilikuwa nadhani nyumba hii naishika mimi peke yangu, kwa daftari langu.

Jirani nimeongea naye. Mjukuu wa Wokovu, ulisema kweli, alilia. Naye alikuwa anaweka tiki za uongo tangu Januari kwa sababu anaamka saa 9 kukaanga maandazi. Kiongozi nimempigia simu, nikamshukuru kwa kunifundisha kulitamka Neno, kwa kuwa nilimaanisha, nikamwambia Jumatano sitakuja tena. Alinionya. Mkono ulitetemeka lakini sikumjibu vibaya.

Kukiri sijaacha. Isaya 53 bado naisema juu ya mwanangu, "kwa kupigwa kwake sisi tumepona," ila sasa naanza na ule mwanzo wa mstari niliokuwa nauruka, "alijeruhiwa kwa makosa yetu." Kumbe na siku zangu tatu zimo humo.

Jana usiku mguu ulimuuma. Aliniita mwenyewe. Nilimpa maji na dawa, nikamkanda kwa kitambaa cha moto, nikamuuliza tuseme nini kwa Yesu. Akasema, "Mwambie unauma." Nikamwambia Yesu unauma. Kisha tukasema Zaburi ya 23 pamoja, akasinzia tulipofika kwenye majani mabichi.