Naomba ushauri: damu ya utafiti mmoja itumike kwa mwingine?

Habari zenu ndugu zangu. Nafanya kazi katika kituo cha maadili tumizi cha chuo kikuu. Sisi hushauri tu. Kibali hutolewa na kamati ya maadili ya utafiti. Watafiti wametuletea swali linaloninyima usingizi. Wana sampuli za damu za wagonjwa wa kisukari, na fomu ya ridhaa inasema wazi: "kwa utafiti wa kisukari." Sasa wanataka kuchunguza vinasaba vya magonjwa ya akili.

Tamko la Helsinki la 1964, yaani mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa kitabibu kwa binadamu, pamoja na marekebisho yake, linadai ridhaa kwa sampuli zinazoweza kumtambulisha mtu. Isipowezekana kuipata, kamati ndiyo iamue. Tulipendekeza wahusika wapigiwe simu. Wengi hawapatikani, baadhi wameshafariki. Kufuta majina nako naona hakutoshi, maana vinasaba vyenyewe ni utambulisho, tena vinawagusa hata ndugu wa damu ambao hawakuulizwa chochote.

Mliowahi kukutana na hili, kwa wasiopatikana mlishauri sampuli ziachwe kabisa, au wawakilishi wa wagonjwa washirikishwe kuamua? Na kwa marehemu, familia ina kauli?