Tupeane uzoefu: ulipoachishwa kazi na umri umekwenda, bima na akiba uliziendesha vipi?

Mpishi wa Barani, Malindi
Assalaam alaykum. Nimeandika kwa sababu jirani yangu, mwenye umri wa miaka 56, ameambiwa kwamba hoteli aliyoitumikia tangu ujanani haitafunguliwa tena baada ya masika. Mimi yalinifika hayo hayo, na lililonitesa zaidi ni bima ya afya. Tukiwa kazini, asilimia 2.75 ya mshahara ilikatwa hata kabla hatujaiona, kwa hiyo hakuna aliyejishughulisha nayo. Makato yakikoma, unahesabiwa pamoja na wasio na ajira rasmi, unaulizwa habari za paa na choo chako ili wakadirie uwezo wako, kisha unatakiwa kulipa SHA, mamlaka ya bima ya afya hapa Kenya, mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600, na wengi wetu hatuwekwi hapo. Mlifanyaje wenzangu?

Mjukuu wa Langoni, Lamu
Umenena. Mimi nilipandishiwa mchango kwa kuwa nyumba ni ya mawe, wala hakuna aliyeuliza kama ni ya urithi na tumebanana humo ndugu wanne na watoto wetu.

Mama wa Mkomani, Lamu
Mume wangu alikuwa nahodha wa mashua ya hoteli moja. Walimwachisha kazi akiwa na miaka 58, na hati zake zote za mshahara zilionyesha kwamba bima imekatwa hadi mwezi wa mwisho. Haukupita muda, usiku mmoja akaamka mkono wa kulia hauinuki na maneno yanamtoka nusu nusu. Tulimteremsha hadi gatini akiwa amebebwa kwenye kiti cha plastiki, kwa kuwa vichochoro vyetu mnavijua, na tulipofika hospitali nikamkabidhi karani kitambulisho na zile hati nilizozifunga ndani ya mfuko wa nailoni. Akaingiza namba, akatazama kioo kwa muda mrefu, kisha akaniambia, "Mama, karatasi hizi ni baina yenu na mwajiri. Hapa michango haijaingia tangu mwaka jana." Pesa zilikatwa, hazikufikishwa. Nilisimama pale dirishani watu wakinipita, mpaka shemeji alipowapigia simu manahodha wenzake wakachanga usiku ule ule. Kwa hiyo nasema, mtu asingoje kuachishwa kazi: apige *147#, namba ya SHA, akiwa bado kazini, aone mwenyewe kama mchango wake unafika.

Dobi wa Shella, Malindi
Inna lillahi. Mzee anaendeleaje sasa? Na hoteli yenyewe ni ipi, tuijue?

Mama wa Mkomani, Lamu
Anatembea kwa mkongojo, alhamdulillahi. Jina silitaji, shauri liko kwa afisa wa leba.

Karani Mstaafu, Malindi
Umefanya vyema, mama. Mwajiri anayekata na asifikishe anavunja Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Sheria hiyo hiyo inasema kuwa anayepunguzwa kazi apewe notisi ya mwezi mmoja, na alipwe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kamili aliotumikia. Daini pia cheti cha utumishi, ni haki yako. Na msilale, kwa kuwa madai ya kazi yana ukomo wa miaka 3.

Kijana wa Watamu
Ami, umesahau malipo ya utumishi. Hayo nayo wadai, ni pesa nyingine.

Karani Mstaafu, Malindi
Sikusahau. Aliyekuwa mwanachama wa NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, hana malipo ya utumishi. Ana malipo ya kupunguzwa kazi, zile siku 15 nilizotaja, na hayo ni mambo mawili.

Kijana wa Watamu
Mjomba wangu alilipwa yote mawili.

Karani Mstaafu, Malindi
Basi mjomba wako alikuwa na mwajiri mkarimu. Usiwapeleke watu ofisini kwa hesabu za ukarimu.

Dobi wa Shella, Malindi
Tukirudi kwenye akiba, mimi nilichukua ya NSSF mara tu nilipoachishwa, kwa kuwa nilishapita miaka 50. Nilinunua mashine ya kufulia, na ndiyo inayonilipia bima.

Mjukuu wa Langoni, Lamu
Mimi nasema mtu aiache mpaka 60. Pesa ikitoka, jamaa wote wanapata habari kabla hujafika nyumbani.

Kijana wa Watamu
Kuna njia fupi: oa mwalimu. Mchango wake unakatwa kila mwezi nawe unatibiwa kama mwenzi wake.

Bibi Mwalimu, Mambrui
Mwalimu huyo ndiye mimi, na mume ninaye tayari. Ila hakutania sana: mwenye mke au mume aliyeajiriwa ahakikishe ameandikishwa chini yake kabla hajalipa mchango mwingine. Kwa wasio na mwenzi wa namna hiyo, mpango wa mkopo wa Lipa SHA Pole Pole upo. Dada zangu wanaoogopa madeni wamegeuza chama chao cha kuchangiana: wako 12, na kila mwezi wanamlipia mmoja mchango wa mwaka mzima, wakianza na mwenye mgonjwa nyumbani.

Mpishi wa Barani, Malindi
Chama hicho kinapokea wanaume?

Bibi Mwalimu, Mambrui
Wanaotoa kabla ya tarehe 5, ndiyo.